Shangazi yangu aliacha kliniki miezi miwili kwa sababu ya sauti ya dakika tatu. Tuongee kuhusu grupu zetu za ukoo

#1 Mwalimu wa Ngumbaru

Asalaam aleikum na habari zenu wote. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa kifuani siku nyingi.

Nafundisha ngumbaru Kisauni, upande wa Mlaleo. Darasani nina akina mama wa miaka 40 hadi 70 na wazee watatu. Wengi wamejifunza kuunganisha herufi wakiwa na wajukuu. Kitabu cha kwanza cha wanafunzi wangu ni WhatsApp. Mama akishamaliza ba-be-bi-bo-bu, wiki haipiti ananiletea simu: "Mwalimu, hapa wamesema nini?" Kwa hiyo ninavyoongea kuhusu habari za uzushi siongei kwa kusikia. Zinapita mkononi mwangu kila wiki.

Sasa shangazi. Ni dadake baba, na kisukari anacho mwaka wa kumi na moja. Anajua chakula chake, anajua dawa zake, na siku ya kliniki ndiye huamka wa kwanza nyumbani. Wakati Mpox imepamba moto hapa kwetu, usiku mmoja sauti ikaingia kwenye grupu la ukoo. Aliyeileta ni binamu yetu anayefanya kazi Uarabuni. Mwanamume anaongea taratibu, Kiswahili safi, nyuma yake unasikia feni ikizunguka. "Mimi ni daktari katika hospitali moja kubwa Nairobi. Jina langu siwezi kulitaja kwa usalama wangu." Akaeleza kwamba Mpox imeletwa na chanjo ya Korona, kwamba chanjo ile ilitengenezwa kwa kirusi cha sokwe, na kwamba wagonjwa wa kisukari na presha wakienda kliniki sasa wanadungwa sindano nyingine bila kuambiwa. Akamaliza: "Mtumie kila unayempenda kabla hawajaifuta."

Shangazi hakumuuliza mtu. Alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kandambili mpya ilimkwaruza. Akakifunga kitambaa, akakiosha kwa maji ya mwarobaini, akajifunika leso juu. Tukimuuliza kliniki lini, anasema wiki ijayo. Mtoto wake wa mwisho ndiye aliyesikia harufu chumbani.

Wamemkata kidole. Mguu umebaki, tunamshukuru Mungu.

Sauti ile nimeisikiliza mara ishirini na zaidi. Kilichonitia hofu kuliko uongo wake ni ukweli uliomo ndani. Chanjo ya Korona ya AstraZeneca kweli ilibebwa na kirusi cha mafua ya sokwe, kilichodhoofishwa kisiweze kuzaana mwilini. Na Mpox kweli iliitwa ndui ya nyani, kwa sababu ilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliokuwa maabara huko Denmark. Kweli mbili hizo. Huyu bwana akazishona kwa uzi wa uongo. Vile ni virusi viwili visivyo na udugu wowote. Na mtu wa kwanza kujulikana kuugua Mpox ni mtoto mchanga wa Kongo, mwaka 1970. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Ugonjwa umeitangulia chanjo kwa miaka 50. Ukiweka tarehe hizo mbili mezani, sauti nzima inaanguka. Lakini nani kwenye grupu la ukoo saa nne usiku huweka tarehe mezani?

Na shangazi si mjinga. Muoneni Kongowea akinunua embe. Atalibonyeza, atalinusa kwenye kikonyo, ataligeuza. Muuzaji akimwapia wallahi, ataligeuza mara ya pili. Sauti ile hakuigeuza kwa sababu haikutoka kwa muuzaji. Ilitoka kwa mtoto wa nduguye, anayemtumia hela za dawa kila mwisho wa mwezi. Nimefika mahali naamini hapo ndipo penye kidonda chenyewe: tunampima aliyetuma, hatuupimi ujumbe. Na aliyetuma tunampenda.

Nataka kujua kwenu mnafanyaje.

#2 Dereva wa Magongo

Pole sana Mwalimu, Mungu ampe shangazi shifaa.

Mimi naendesha trela, bandarini hadi Malaba, mara nyingine Kampala. Mgonjwa wa kwanza wa Mpox kutangazwa Kenya, mwisho wa Julai 2024, alikuwa dereva wa masafa marefu. Alikutwa mpakani Taveta, ametoka Uganda anaelekea Rwanda. Wizara ya Afya yenyewe ilisema, sina ugomvi nayo. Lakini kwenye simu za watu ikageuka "madereva ndio wanaoleta". Mama mmoja wa chakula njiani, nimekula kwake miaka sita, alinipa wali kwenye mfuko wa plastiki. Sahani zake hakutaka nizishike.

Kisha ikaja picha. Mtu amelala, mgongo wote vipele, chini wameandika "dereva wa Mombasa, amekufa jana". Nilipoiangalia vizuri nikalitambua godoro. Nikalitambua na pazia, la maua ya samawati. Ile ni nyumba ya mwenzetu, na aliyelala ni mdogo wake alipougua tetekuwanga, kitambo kabla ya Mpox. Ilikuwa stetasi yake ya kuomba dua. Mtu akaichukua na kubadilisha maneno. Kijana yuko hai, anaosha magari.

Sikiliza sasa kilichofuata. Mwenzetu mwingine alitoka upele wa kweli. Kwa kuiona ile picha na jinsi watu walivyotukimbia, aliuficha. Siku tisa amevaa shati la mikono mirefu kwenye joto hili la kwetu, analala na tanboi wake kwenye kabini moja. Ugonjwa unaoenea kwa kugusana ngozi. Hao waliotuma picha walidhani wanawaonya watu wajilinde.

#3 Mzee wa Kibokoni

Mwalimu, pole kwa shangazi yako. Ila nitasema yangu, na usinichukulie vibaya.

Kila nikisikia mafunzo haya naona lawama ni zetu sisi watu wazima. Hatujui simu, hatupambanui. Mimi mwaka 2020 nilikuwa Mji wa Kale. Tarehe 6 Mei, tumo ndani ya Ramadhani, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza hakuna kuingia wala kutoka mtaani kwetu. Kabla ya hapo waliopelekwa karantini walikuwa wakitozwa pesa kwa siku walizolala mle. Umefungiwa, kisha unadaiwa. Ndipo watu wakakwepa kupimwa. Leo tunaambiwa walikwepa kwa sababu ya WhatsApp.

Na tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, pale feri Likoni, watu walipigwa marungu na kurushiwa vitoa machozi, wengine wamelazwa chini kifudifudi, na saa moja jioni ilikuwa haijafika. Nani alituonyesha? Simu za wananchi. Siku ile grupu ndizo zilizosema kweli.

Kwa hiyo mimi nauliza: sisi mtatufundisha kuchunguza, na wao nani atawafundisha kutwambia kweli?

#4 Mwalimu wa Ngumbaru

Shikamoo mzee wangu. Ulilosema ni kweli tupu na sitaki kulipunguza. Hofu ya kupimwa ilikuwa na sababu, na sababu ile haikutoka kwenye simu.

Lakini umenisaidia kuliko unavyodhani, kwa ule mfano wa Likoni. Tuliiamini vipi video ile? Pahali palijulikana, kila mmoja wetu ameteremka ule mteremko. Ilipigwa na watu wengi, kila mmoja upande wake, na zote zikalingana. Waliopigwa walikuwa na majina, walikuwa jirani zetu, wanaonyesha mikono iliyovimba. Magazeti na televisheni wakaleta yale yale. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akaomba radhi kwa nguvu waliyotumia polisi. Uliichunguza, mzee, ila ulifanya haraka kiasi kwamba hukujua unachunguza. Sasa iweke ile sauti ya daktari pembeni yake. Pahali: hospitali moja kubwa. Jina: siwezi kulitaja. Shahidi mwingine: hakuna. Mgonjwa aliyedungwa bila kujua: hata mmoja hakutajwa.

Kuchunguza si kuitetea serikali. Mtu akijua kuchunguza, siku serikali ikidanganya ndiye wa kwanza kuibana, na atakuwa na vithibitisho. Aliyezoea kuamini kila sauti wanamnyamazisha kwa dakika moja, wanamwambia "wewe ndiye uliyesema chanjo inaleta Mpox", na malalamiko yake ya haki yanatupwa pamoja na uzushi. Hilo ndilo linaloniuma kwa watu wetu.

#5 Binti wa Mikindani

Mnakumbuka ile ya strungi, Machi 2020? Saa tisa usiku mama anapigiwa simu kutoka kwa ndugu zake bara. Kuna mtoto amezaliwa, ameongea, amesema kila mtu anywe chai ya rangi bila sukari kabla jua halijatoka ndipo Korona imuepuke, kisha akafa. Tuliamshwa wote, mpaka mdogo wangu wa miaka minne. Asubuhi nikakuta na majirani walikesha. Mama alilia kwa furaha kwamba simu imetufikia kwa wakati. Sijawahi kumcheka kwa usiku ule. Alikuwa anatuokoa.

#6 Nesi wa Zamu ya Usiku

Binti wa Mikindani, umesema neno, "alikuwa anatuokoa". Nimefanya kazi wodini miaka mingi na sijakutana na mtu aliyetuma uzushi ili kumuua nduguye.

Strungi haikumdhuru mtu, bahati nzuri. Mkondo ni ule ule ingawa. Iran mwaka 2020 mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, waliambiwa pombe inaua kirusi tumboni. Lagos, Machi mwaka huo huo, watu walilazwa kwa kumeza klorokwini kupita kiasi, baada ya Donald Trump kuisifu. Klorokwini sote tunaijua, tumekua nayo, ile chungu ya malaria iliyokuwa ikiwasha mwili mzima. Kitu unachokijua tangu utotoni hukiogopi.

Nitoe mfano wa hapa hapa. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 Mombasa ilipata chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linaeleza mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Lilishika wakati wa mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Kwa hiyo ugonjwa huu si mgeni, una jina la jirani zetu, na Wamakonde tunao Kwale. Lakini ulipofika watu waliuita wa ajabu, ukapewa kila asili.

Kwenye grupu zote, ujumbe uliotamba ni kwamba chanzo ni mitaro michafu, vijana wakachimba mitaro. Usafi ni mzuri, sikatai. Ila mbu wa chikungunya na dengi hataki maji ya mtaroni. Anataka maji safi yaliyotulia. Mapipa yetu, mitungi, ndoo za chooni, kifuu cha nazi nyuma ya jiko, tairi juu ya bati. Mji huu maji ya mfereji huja yanapotaka, kila nyumba inahifadhi. Na mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikutoshi. Tulikuwa tunamlaumu jirani kwa mtaro wake na mabuu yanacheza ndani ya pipa letu sisi, chini ya kifuniko chenye ufa.

La pili liliniuma zaidi. Ulizunguka ujumbe wa kuwaambia watu wameze diklofenaki asubuhi na jioni kwa ajili ya viungo. Dengi na chikungunya siku za mwanzo zinafanana, na zote mbili tunazo hapa. Ikiwa ni dengi, diklofenaki, brufeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutokwa na damu. Dawa ya kutuliza homa na maumivu mpaka upimwe ni parasetamoli, na kunywa maji kwa wingi. Nilimpokea baba mmoja anatoka damu kwenye fizi. Nilipomuuliza ametumia nini, alitoa simu akanionyesha ule ujumbe kwa heshima zote, kana kwamba ananionyesha cheti cha daktari.

Na sisi wauguzi tuna grupu zetu, na uzushi unapita humo pia. Asiwaambie mtu kwamba hili ni jambo la wasiosoma.

#7 Maalim wa Chuoni

Nimesoma yote. Allah ampe shangazi afya.

Nashangaa tunalitafuta mbali jambo lililo chuoni kwetu. Sura ya Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha: akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali moja, nani kakwambia. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Wakimkuta mpokezi mmoja hajulikani, wanamwandika majhuli, na riwaya yake inawekwa kando hata maneno yawe matamu namna gani. Silsila ikikatika katikati, pia dhaifu. Na walimchunguza hata mcha Mungu mwenye kusahau sana. Walisema huyu ni mtu mwema, mkono wake twaubusu, lakini hadithi yake hatuipokei.

Hili la mwisho ndilo jibu la Mwalimu. Kumheshimu mtu na kuipokea habari yake ni mambo mawili. Binamu yenu wa Uarabuni ni mwema. Yeye mwenyewe hajui kapokea kwa nani.

Nimewahi kuliongea baada ya Isha. Mzee mmoja akaniambia, "Maalim, mbona hata hotuba zako tunazifowadi bila kujua ni zako?" Alikuwa na haki. Tangu siku ile nikirekodi naanza kwa jina langu, msikiti wangu na tarehe.

#8 Fundi Simu, Mwembe Tayari

Wakubwa zangu, mimi naongeza ya ufundi tu, maana naona watu wanalaumiwa kwa jambo ambalo simu zao haziwaruhusu.

Wateja wangu wengi wa umri huo hununua bando la WhatsApp peke yake. Ujumbe unafika, sauti inafika, lakini kiungo cha kwenda kusoma zaidi hakifunguki, na kutafuta kwenye intaneti hakuna. Unamwambia mama "hakikisha kwanza", atahakikishia wapi? Dunia yake yote ya habari ni grupu nne. Nimeanza kuwaambia watoto wao, mkimtumia mama hela ya bando, ongezeni kidogo ziwe data za kawaida.

Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa aina hiyo kufowadiwa kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Walifanya hivyo kwa sababu ya uzushi wa Korona. Lakini mtu akiihifadhi sauti kisha akaituma upya, mishale inapotea, inaonekana mpya kama imerekodiwa leo. Kwa hiyo mishale ikiwepo, shtuka. Isipokuwepo, usijiachie.

Picha ni rahisi. Google Lens ipo kwenye simu nyingi za Android: unaishikilia picha, inakutafutia imewahi kuonekana wapi. Machi 2020 ilizunguka picha ya majeneza yamepangwa safu ndani ya jumba, ikisemwa ni maiti za Korona Italia. Italia watu walikuwa wakifa kweli kwa maelfu. Lakini majeneza yale yalikuwa ya wahamiaji waliozama karibu na Lampedusa, Oktoba 2013, zaidi ya 360, na wengi walikuwa Waeritrea na Wasomali. Mimi mwenyewe niliituma. Mteja wangu wa Bondeni, Msomali, ndiye aliyenikatalia. Aliitambua mara moja, ilikuwa kumbukumbu ya msiba wa watu wake. Tuliwaondolea hata jina la kifo chao.

Sauti ni ngumu zaidi. Haina sura, haina pahali, na siku hizi akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Hata akitaja jina, pigia anayetajwa, au pigia hospitali anayosema.

Wanaochunguza kwa kazi wapo, PesaCheck na Africa Check, na PesaCheck huandika kwa Kiswahili pia. Ukikwama nitumie mimi skrinishoti dukani, nitakuangalizia, sitozi.

#9 Mkazamwana

Asanteni kwa elimu, lakini niambieni la kunifaa leo. Mavyaa wangu ndiye msimamizi wa grupu la ukoo wa mume wangu. Kila alfajiri anatuma. Maji ya ndimu yanayeyusha saratani, mara usimpe mtoto chanjo ya polio. Nina mtoto wa miezi minne. Siku moja niliandika chini ya ujumbe wake "hii si kweli", nikaweka na kiungo. Grupu lilinyamaza siku mbili. Mume wangu akaambiwa mkeo ana elimu ya kututukania. Sasa nifanyeje, ninyamaze?

#10 Mwalimu wa Ngumbaru

Dada, usinyamaze, na mtoto mpeleke kliniki tarehe zake zote. Hilo halingoji suluhu na mavyaa. Ila kwenye grupu usimsahihishe tena, kwa sababu pale hamko wawili, pale ana kiti chake mbele ya wakwe na wajukuu. Ukimvua nguo mbele yao, hata ukweli ukiwa wako, atautetea ule ujumbe kwa sababu sasa anajitetea mwenyewe. Hili nimejifunza kwa kukosea. Binamu yetu wa Uarabuni nilimshambulia palepale grupuni siku shangazi alipolazwa. Akatoka kwenye grupu akilia. Ni yeye aliyekuwa akilipa dawa.

Nikueleze tulivyofanya darasani, labda utapata pa kushika. Nilimuomba shangazi ruhusa niwasikilizishe wanafunzi ile sauti. Sikuwaambia ni ya uongo. Niliwaambia tusikilize kama tunavyosikiliza posa: mtu amekuja kuposa, tunataka kujua katoka wapi. Dakika ya kwanza walitikisa vichwa wote, "daktari huyo". Tukarudia, kipande kwa kipande, na baada ya kila kipande kila mmoja anauliza swali moja tu.

Mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga, herufi ameanza kuzijua mwaka huu, ndiye aliyeniacha mdomo wazi. "Huyu anaogopa kutaja jina. Mbona haogopi sauti yake kujulikana? Mimi mume wangu akikohoa nje ya mlango namjua." Mwingine: "Waliodungwa ni wa kliniki gani? Mimi niko kliniki ya presha, mbona hatujasikia hata mmoja?" Mwingine akasimama kwenye ule mwisho: "Kwa nini anatuharakisha?" Hapo darasa lote likanyamaza. Wakaanza kukumbuka matapeli wa pesa za simu, wale wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie upesi". Haraka ile ile. Wakaitambua.

Hakuna hata mmoja aliyefungua intaneti. Maswali walikuwa nayo tangu zamani, ila hawakuwa wamezoea kuyatumia kwa mtu wa nyumbani.

Kwa mavyaa wako basi, nenda umkalie, mpelekee hata mahamri. Muombe akusaidie: "Mama, umenitumia hili la chanjo, nimeogopa, tulisikilize pamoja." Muulize yeye. Anayesema ni nani? Mtoto gani alidhurika, wa mtaa gani? Yeye si mzee wa juzi, huenda anamkumbuka mtu wa mtaani aliyepooza miguu kwa polio utotoni, wengi wa umri wake wanamkumbuka mmoja. Mwache akusimulie. Kisha, akikubali hata nusu, muombe yeye ndiye aandike grupuni. Msimamizi ni yeye, abaki nayo heshima yake.

Huenda ikakuchukua miezi. Mtoto lakini asichelewe hata siku moja.

#11 Dereva wa Magongo

Hiyo ya posa naichukua. Sisi tukipaki Mariakani jioni huwa tunasikiliza sauti hizi kwa spika, watu kumi, na anayepinga anaonekana mwoga. Nitawaambia kila mtu swali moja.

#12 Mzee wa Kibokoni

Mwalimu, nimekusoma. La karantini silisahau na sitaki mtu alisahau. Lakini la embe limeniingia.

Kwenye baraza yetu hapa, tunapokunywa kahawa, ile sauti ya daktari bado inazunguka. Jana tu imechezwa. Nikiwaambia "si kweli" wataniambia nimenunuliwa. Shangazi yako anaweza kusema mwenyewe yaliyomkuta? Sauti kwa sauti. Wazee wa hapa hawatasoma uzi huu, lakini mtu wa mtaa akiongea Kimvita chake watamsikiliza.

#13 Mwalimu wa Ngumbaru

Mzee wangu, nilimfikishia maneno yako jana baada ya Alasiri. Alikaa kimya muda mrefu, mguu ameuweka juu ya mto. Akaniuliza, "Watanicheka?" Nikamwambia sijui, huenda wengine. Akasema nilete simu.

Ameongea dakika moja na nusu. Ametaja jina lake kamili, jina la babake, mtaa anaokaa, na tarehe. Ameeleza kandambili, kitambaa, harufu. Amesema kliniki alikorudi walimpima sukari, wakamuosha mguu, na hakuna sindano aliyodungwa bila kuambiwa ni ya nini, kila moja aliuliza. Mwisho ametoa namba yake ya simu, anayetaka kumuuliza ampigie, ila si saa ya kliniki. Alhamisi asubuhi hapatikani.

Ya kwanza kuipata ni binamu yetu wa Uarabuni. Shangazi alitaka iwe hivyo. Amerudi grupuni leo alfajiri, na ndiye aliyeiweka kule. Nakutumia sasa hivi kwenye ujumbe wa faragha, mzee. Ukiicheza barazani, usikate ule mwanzo wenye jina lake.